MIPAKA INAHAMA, WAZEE WANABAKI

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa na mwandishi wetu mbele ya walimu na watumishi wa umma mjini Geita.



Mlinialika nije kusema machache juu ya mabadiliko ya Serikali za Mitaa na matunzo ya wananchi wasiojiweza. Nimekubali kwa hofu kidogo, kwani wengi wenu mmezipokea na kuzitekeleza nyaraka za mabadiliko hayo kwa mikono yenu wenyewe, ilhali kazi yangu mimi ni kuyaandika magazetini baada ya kwisha kutokea. Naomba basi nisianze na waraka. Nitaanza na mlango.

Katika karibu kila kitongoji cha mkoa huu yupo bibi kizee aishiye peke yake, au pamoja na wajukuu wawili watatu ambao wazazi wao wako machimboni. Asubuhi moja mlango wake haufunguliwi. Swali langu ni hili: ni nani ambaye ni wajibu wake, sisemi hisani yake, nasema wajibu wake, kuligundua jambo hilo kabla ya jua kufika utosini? Nimewauliza swali hili watendaji wa vijiji, wenyeviti wa vitongoji na madiwani. Majibu niliyoyapata yalikuwa ya heshima sana. Mmoja alinielekeza kwa jamaa za bibi huyo. Jamaa wakanielekeza kwa majirani. Majirani wakanielekeza kwa mwenyekiti. Na mwenyekiti akanielekeza kwa Ofisa Ustawi wa Jamii, ambaye ofisi yake iko makao makuu ya wilaya na ambaye pikipiki yake, kama ipo, haina mafuta. Hapana hata mmoja aliyekana kwamba bibi yule anastahili kutunzwa. Lakini hapana pia aliyesema, "Ni mimi."

Wapo watu ambao hulijibu swali hili upesi kwa kusema kwamba mila zimekufa, vijana wameharibika, dhahabu imewatia watu wazimu. Ni jibu rahisi, na kama majibu mengi yaliyo rahisi, linamwondolea lawama yule anayelitoa. Mimi silikubali, na sababu yangu ni historia ya Geita yenyewe.

Geita ni nchi ya wageni, na imekuwa hivyo tangu zamani, kabla ya mgodi mkubwa kuanza kutoa dhahabu mwaka 2000. Wazinza, Walongo na Wasumbwa walikuwapo; kisha wakaja Wasukuma kutoka Kwimba, Maswa na Shinyanga, watu na mifugo yao, wakitafuta ardhi. Wakoloni wenyewe waliuhimiza uhamaji huo katika Mradi wa Maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947, kwa kuwa mashariki ya ghuba kulikuwa kumejaa watu na ng'ombe, na magharibi kulikuwa na misitu yenye mbung'o iliyongoja kufyekwa. Watu hao waliacha nyuma koo zao, makaburi ya babu zao na mashemeji zao. Hata hivyo hawakuishi kama kuku waliofunguliwa sokoni. Walipofika walijipanga katika gunguli chini ya mwanangwa, wakawa na banamhala wa kuamua mashauri, na nsumba ntale wa kuongoza vijana katika kazi za pamoja. Aliyeugua wakati wa mvua za kupandia aliweza kuliomba kundi la vijana limlimie, na malipo yake yakawa chakula. Jirani hakuwa ndugu wa damu. Alikuwa mtu wa gunguli moja, na hilo lilitosha.

Sina nia ya kuipamba enzi ya watemi. Mtemi alikusanya nafaka za watu katika maghala yake, na wakati wa njaa ghala lile lilipaswa kufunguliwa. Lakini alikuwapo mtemi aliyefungua na aliyekaza kitasa. Tena mkoloni Mwingereza, hasa baada ya Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926, alimgeuza mtemi kuwa karani wa kukusanya kodi, mwenye mshahara, anayemwogopa Bwana Shauri kuliko anavyowaogopa watu wake. Ushuru wa nafaka ukageuka fedha za hazina, na ghala likabaki na panya. Kwa hiyo nchi yetu ilipouondoa utawala wa machifu mwaka 1963, ilifanya jambo la haki. Taifa huru haliwezi kuwa na watu waliozaliwa ili watawale na wengine waliozaliwa ili watawaliwe.

Lakini tazameni jinsi urithi ulivyogawanywa. Mashauri ya mtemi yalirithiwa na Mahakama za Mwanzo. Kodi zake zilirithiwa na Halmashauri za Wilaya. Madaraka yake juu ya ardhi yalirithiwa na Serikali. Je, lile jukumu, hata kama lilikuwa limebaki jina tu, la kumjua mwenye njaa na kumfungulia ghala, lilirithiwa na nani? Nimeitafuta sheria iliyolikabidhi kwa mtu au kwa chombo fulani, wala sikuiona. Na hilo, ndugu zangu, ndilo jambo moja nililokuja kulisema leo. Katika kila badiliko la Serikali za Mitaa lililofuata, madaraka yalihamishwa kwa makini, mapato yalihamishwa kwa makini zaidi, na jukumu la kumtunza asiyejiweza liliachwa njiani.

Tuyafuate basi mabadiliko hayo. Miaka ya katikati ya 1960 Chama kiliweka mabalozi wa nyumba kumi. Sisemi haya kwa kuwa mimi ni mwandishi wa Chama. Nasema kwa kuwa hata wapinzani wetu wenye kumbukumbu watakubali kwamba nyumba kumi ni idadi ambayo akili ya mtu inaweza kuibeba. Balozi mzuri alijua nani kajifungua, nani kafiwa, nyumba gani haijatoa moshi tangu jana. Hakuandikiwa popote kwamba ni kazi yake kumtunza mzee, lakini kwa kuwa aliwajua watu wa nyumba zote kumi kwa majina, haikuwa rahisi kwake kujifanya hajui.

Mwaka 1972 Halmashauri za Wilaya zilivunjwa, ukaja mpango wa Madaraka Mikoani. Watumishi wazee mliomo humu mnaukumbuka: wataalamu wakaongezeka wilayani, magari yakaongezeka, na mwananchi ambaye jana alimfahamu diwani wake akawa anamngojea ofisa aliyeletwa kutoka mkoa mwingine. Kisha ikaja mwaka 1974, Operesheni Vijiji.

Bibi yangu mzaa baba alihamishwa mwaka huo. Alinisimulia mambo hayo nikiwa shule ya msingi, naye akiwa ameketi anachambua dengu, bila hasira na bila kusifu. Alisema kwamba kule walikotoka nyumba zilikaa mbalimbali, kila kaya na mashamba na malisho yake, lakini alijua jina la kila mtu ambaye angeweza kumsikia akipiga yowe. Kijijini nyumba zikapangwa mistari miwili kando ya barabara, kila mtu akapewa kiwanja kwa kadiri alivyofika siku ile. Upande wake wa kulia akawa mtu aliyetoka kusini, ambaye hawakuwahi kuchangia kisima wala msiba. "Tulikuwa karibu kwa mguu," alisema, "tukawa mbali kwa moyo." Shule ilijengwa, baba yangu akasoma, na mimi nisingesimama hapa leo kama si kijiji kile. Bibi alilijua hilo pia. Hata hivyo aliniambia kwamba katika miaka ile ya kwanza alikuwa akifunga mlango mapema.

Alikuwa na sababu. Takwimu rasmi zilizokusanywa kwa miaka ya 1970 hadi 1984 zinaonyesha kwamba katika nchi yetu watu 3,693 waliuawa kwa tuhuma za uchawi, na kati yao 2,286 walikuwa wanawake. Sehemu kubwa ya mauaji hayo ilitokea Usukuma, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga kama ilivyokuwa wakati huo, yaani pamoja na eneo hili tulipo. Wengi wa waliouawa walikuwa akina mama wazee, na kosa la baadhi yao lilikuwa macho mekundu. Macho hayo yalitokana na moshi. Katika nchi iliyofyekwa miti kwa ajili ya pamba na kwa ajili ya kufukuza mbung'o, mama wa Kisukuma hupikia samadi na mabua ya pamba, na miaka arobaini ya moshi huo haimwachi mtu na macho meupe.

Sisemi kwamba vijiji viliua. Chuki hiyo ilikuwapo kabla, na tamaa ya shamba la mjane haikuanza 1974. Ninachosema ni kwamba mtu anayeishi kati ya watu wasiomjua hana mtu wa kumtetea siku mtoto wa jirani anapougua ghafla na mpiga ramli akauliza, "Upande wenu wa mashariki anakaa nani?" Sheria nayo ilikuwa na dawa yake ya ajabu. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ilimpa mkuu wa wilaya uwezo wa kumwamuru mtu aliyetuhumiwa ahamie mahali pengine. Hivyo mzee aliyetishiwa alihamishwa, na waliomtishia wakabaki na shamba. Wengine waliishia katika makazi kama ya Bukumbi kule Misungwi na Kolandoto kule Shinyanga, ambayo hapo mwanzo yalikuwa ya kuwatunza wagonjwa wa ukoma. Serikali ilipojaribu kuyakomesha mauaji kwa nguvu mwaka 1976, watuhumiwa kadhaa walifia mikononi mwa vyombo vya dola huko Mwanza na Shinyanga, na Ndugu Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu kwa kuwajibika. Tendo lile tunalisifu hadi leo, nasi tuna haki ya kulisifu. Lakini Waziri aliwajibika kwa ajili ya waliokufa rumande. Kwa bibi aliyekatwa mapanga nyumbani kwake, ngazi ya kijiji haikuwa na mtu wa kujiuzulu, kwa sababu haikuwa na mtu aliyepewa kazi hiyo.

Ulinzi, kwa upande mwingine, ulipata mwenyewe. Kuanzia miaka ya 1981 na 1982 wananchi wa Kahama na Shinyanga walianzisha Sungusungu, na likaenea upesi hadi huku kwetu. Wizi wa ng'ombe ulipungua. Serikali ililitambua jeshi hilo la jadi, na mwaka 1989 Bunge likalipa nguvu za kisheria. Tazameni kejeli ya historia: ng'ombe walipata walinzi wenye sheria, ilhali katika sehemu fulani Sungusungu hao hao waliwafukuza kijijini vikongwe waliosingiziwa uchawi. Ndiyo maana hunijia wasiwasi kila nisikiapo mgeni wa semina akisema kwamba tuiachie jamii kazi ya matunzo. Jamii ni nani? Jamii ndiyo iliyomlimia mgonjwa, na jamii ndiyo iliyomfukuza mjane. Iliyo na utaratibu hutunza, na isiyo na utaratibu humwinda aliye dhaifu.

Sheria za Serikali za Mitaa za mwaka 1982 zilirudisha Halmashauri, nazo zikaanza kazi tena mwaka 1984. Hizo ndizo tunazozitumia mpaka leo pamoja na marekebisho yake mengi. Zimekipa kijiji Halmashauri yenye wajumbe kati ya 15 na 25, na chini yake kamati tatu za kudumu, mojawapo ikiwa ya huduma za jamii. Kwenye karatasi kamati hiyo ndiyo nyumba ya shauri letu. Nimehudhuria vikao vyake. Nimesikia habari za choo cha shule, za chakula cha mchana cha wanafunzi, za nyumba ya mganga. Ni mambo ya haki kabisa. Wazee sikuwasikia, isipokuwa pale walipoombwa wafungue kikao kwa sala.

Mwaka 1992 tuliingia katika mfumo wa vyama vingi. Hapo balozi wa nyumba kumi, ambaye kwa miaka karibu thelathini alikuwa sikio la nyumba zote kumi, alibaki kuwa kiongozi wa wanachama wa chama kimoja. Haikuwezekana kuwa vinginevyo. Mwenyekiti wa kitongoji, aliyechukua sehemu ya kazi yake kwa upande wa Serikali, ana kaya mia moja, mia mbili, na huku machimboni zaidi. Hana posho ya maana, na kila baada ya miaka mitano anagombea upya. Mwaka 2003 ikafutwa kodi ya maendeleo, nasi sote tulishangilia, kwani ile kodi ilikuwa ya manyanyaso: watu walilala porini kuwakimbia mgambo. Ila katika manyanyaso yake mlikuwamo jambo moja. Wazee wasiojiweza walisamehewa kodi, na ili umsamehe mtu yakupasa kwanza umjue kwamba yupo na kwamba ni mzee. Baada ya kodi kufutwa, hapakuwa tena na ofisa aliyelazimika kubisha hodi kila nyumba. Tulimwondoa mtoza kodi, wala hatukumweka mtu wa kubisha hodi kwa nia njema.

Mwezi Machi 2012 mkoa wetu ulizaliwa, kwa kumegwa kutoka Mwanza, Shinyanga na Kagera, wenye wilaya za Geita, Chato, Bukombe, Mbogwe na Nyang'hwale. Mkoa mpya ni neema: hospitali, barabara, ofisi, ajira. Naomba niwasimulie upande mwingine wa neema hiyo. Bibi yangu alikuwa na kadi ya matibabu bila malipo, aliyoipata kwa kuwa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema mtu mwenye miaka 60 na zaidi asiyejiweza atibiwe bure. Kadi ilikuwa na muhuri wa halmashauri ya zamani. Wilaya ilipogawanywa, kituo alichozoea kutibiwa kikabaki upande wa pili wa mpaka. Siku moja kijana wa dirishani, bila ukali wowote, alimwambia kwamba muhuri ule si wa kwao, akaandikishwe upya kwenye halmashauri yake mpya. Halmashauri mpya ilikuwa bado inatafuta meza na viti. Aliambiwa angoje zoezi la uandikishaji. Alingoja miezi minane, akinunua vidonge vyake vya presha dukani kila alipopata fedha, na kuviacha kila alipokosa. Siitaji wilaya, kwa sababu hapakuwa na mtu mbaya katika kisa hiki. Kijana alifuata utaratibu. Mkurugenzi alifuata utaratibu. Katika orodha ndefu ya mali na madeni iliyogawanywa kati ya halmashauri mbili, magari yaligawanywa, watumishi waligawanywa, hata mashine za kuchapia. Daftari la wazee halikuwa katika orodha, nalo likabaki kabatini.

Hapa mjini mambo ni magumu zaidi, na huenda wengi hawajaliona jambo hili. Mji unapopanuka, kijiji hugeuzwa kuwa mitaa. Mnadhani ni jina tu lililobadilika? La hasha. Kijiji kisheria ni mtu: kina Halmashauri yake, kina mkutano mkuu wa watu wazima wote, kinaweza kutunga sheria ndogo, kumiliki mali na hata kushtaki. Mtaa una mwenyekiti na kamati, wala hauna uwezo wa kutunga sheria ndogo. Kwa hiyo siku wananchi wanaposherehekea kuingia mjini, wanapoteza bila kujua chombo pekee ambacho kingeweza kuandika kwamba katika eneo letu mzee atatunzwa namna hii na fulani. Na mji wenyewe haungoji. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 1,739,530 katika mkoa huu. Ile ya mwaka 2022 iliwahesabu 2,977,608. Katika miaka kumi wameongezeka zaidi ya watu milioni moja na laki mbili, na wengi wao hawakuja na bibi zao. Waliwaacha Sengerema, Kwimba, Kibondo. Wale waliozaliwa hapa nao wameondoka nyumbani kwenda Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu, wakaacha watoto kwa bibi.

Msiniambie kwamba vijana hao hawana utu. Nendeni kwenye duara siku mchimbaji asiye na ndugu anapofukiwa na kifusi. Kabla ya mwili kutolewa, kofia inazunguka. Mwenye duara anatoa, wenye makarasha wanatoa, mama lishe anatoa. Jioni gari limekodiwa na maiti inasafirishwa hadi kwao, hata kama kwao ni Singida. Ni wageni kwa wageni. Wameunda utaratibu wao kwa sababu kifo cha duarani huwafika mara kwa mara, na kila mmoja anajua zamu inaweza kuwa yake.

Hali kadhalika nzengo zetu. Kila mwalimu aliyepangiwa kijijini amefundishwa nzengo ni nini katika wiki ya kwanza: ukikosa msibani mara ya pili, unaitwa, unatozwa faini, na usipolipa unatengwa hata chumvi huombi. Nzengo ina daftari, ina katibu, ina sufuria, ina turubai. Inachimba kaburi kabla ya saa sita. Kwa maneno mengine, bibi yule wa mlango uliofungwa anao watu mia moja walio na wajibu kamili juu yake, wenye adhabu wasipoutimiza, kuanzia dakika ile anapokata roho. Dakika moja kabla hana hata mmoja.

Najua kuna mtu atakayesema kwamba wema ukiwekewa sheria unakufa. Mbona faini ya nzengo haijaua huzuni ya msiba? Tunalia, na tunalipa faini pia.

Sasa tuzungumze fedha, maana mtumishi wa halmashauri akisikia neno jukumu huuliza kifungu cha bajeti. Fedha zipo, nazo zimekwisha kugawanywa kwa sheria. Tangu marekebisho ya mwaka 2018, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Wazee hawamo, na kusema kweli mkopo si dawa ya mtu wa miaka themanini. Lakini kutokuwamo kwao kunaonyesha kitu. Halmashauri zetu zimefundishwa kumwona mwananchi anayezalisha. Hali kadhalika fedha za dhahabu. Mgodi mkubwa, ambao zamani ulilipa dola 200,000 kwa mwaka kwa mujibu wa mkataba wake, ulianza mwaka 2014 kulipa ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mapato ghafi. Na tangu sheria ya madini iliporekebishwa mwaka 2017, mwenye mgodi hupanga pamoja na halmashauri namna ya kurudisha sehemu ya faida kwa wananchi. Tumepata madarasa, zahanati, barabara, hata uwanja wa mpira. Jengo lina jiwe la msingi, lina mgeni rasmi na utepe wa kukata. Mwanamke anayelipwa kidogo kwa mwezi ili apite nyumba tano za wazee kila asubuhi hana utepe. Nadhani hiyo ndiyo sababu kubwa ya kutokuwapo kwake katika mipango, kuliko ufinyu wa fedha.

Wenzetu wamethubutu. Zanzibar ilianza mwezi Aprili 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliwahi kuajiriwa au la. Kenya ilifuata mwaka 2018 kwa shilingi zao 2,000. Na karibu zaidi, pale Nshamba wilayani Muleba, shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa pensheni ndogo bibi na babu waliolea yatima wa ukimwi. Waliokuwa wakipokea walinunua sabuni, chumvi, daftari. Mtoto akaenda shule. TASAF nayo, kwa mpango wake wa kunusuru kaya maskini, inawafikia wazee wengi wa mkoa huu, nami naisifu. Ila TASAF ni mpango, na mpango una mwisho wa awamu. Tena majina huchaguliwa katika mkutano wa hadhara. Na mzee ambaye kijiji kinamnong'ona hana wa kumtaja.

Ninalopendekeza ni dogo. Halmashauri ya Kijiji inao uwezo wa kutunga sheria ndogo, mkutano mkuu ukiijadili na Halmashauri ya Wilaya ikiidhinisha. Iandikwe sheria ndogo yenye kurasa mbili. Iseme kwamba kila kitongoji kitakuwa na daftari la wazee wanaoishi peke yao au na watoto. Kwamba mtu mmoja aliyetajwa kwa jina atawapitia, naye atalipwa. Kwamba nzengo itatoa siku za kulima, kuchota maji na kuezeka kama itoavyo siku za msiba, kwa faini ile ile. Na kwamba atakayemtuhumu mzee kwa uchawi ataitwa kwanza yeye kujieleza. Serikali ilianza Januari 2024 mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wawili kwa kila kitongoji na mtaa. Wanapofika, wakute daftari hilo limekwisha kuandikwa. Kwa mitaa isiyo na uwezo wa kutunga sheria, madiwani wa mji ndio watunge. Na halmashauri ikigawanywa tena, kama itakavyogawanywa, daftari la wazee litajwe katika hati ya makabidhiano, kabla ya magari.

Lisipelekwe tu kwa waraka kutoka juu. Watu wa Geita wana kumbukumbu ndefu juu ya mabaraza wasiyoulizwa: mwaka 1958 maelfu walikwenda hadi Mwanza kulikataa baraza la mchanganyiko wa rangi ambalo mkoloni aliwaletea, na mpango ule ukashindwa.

Bibi yangu alifariki mwaka 2016. Nzengo ilikuja yote.

Ndugu Walimu, mtaniuliza daftari litaanzia wapi, kwa kuwa mtendaji hana muda wa kuzunguka. Litaanzia kwenu. Mnapoandikisha watoto wa darasa la kwanza mnaandika jina la mlezi. Wengi wa walezi hao, katika shule za jirani na machimbo, ni bibi. Mnamjua mtoto anayechelewa kwa sababu amekwenda kwanza kumchotea bibi maji, na mnamjua yule anayesinzia saa nne kwa sababu usiku alikuwa muuguzi. Majina hayo yamo katika makabati ya walimu wakuu wa mkoa mzima, kwa mwandiko wenu, pamoja na jina la kitongoji. Naomba kila mwalimu mkuu aliyemo humu anakili orodha hiyo kabla ya kikao kijacho cha Halmashauri ya Kijiji, aipeleke kwa mkono kwa mwenyekiti wa kamati ya huduma za jamii, na amwombe aisaini kwamba ameipokea.